Fokasi iko usoni, jicho linakwenda kwenye ndoo

Swali la msomaji: "Nina lenzi ya milimita 50 inayofunguka hadi f/1.8. Nilimpiga picha mama mmoja akishona kwa cherehani karibu na dirisha. Fokasi niliiweka kwenye uso, nyuma nikaacha ukungu, na uso nikauweka kwenye theluthi, yaani theluthi moja ya fremu kutoka ukingoni, kama tunavyofundishwa. Lakini kila ninayemwonyesha huanza kuuliza, 'Hiyo ndoo nyekundu ni ya nini?' Ndoo yenyewe iko nyuma, ina ukungu hata mpini hauonekani. Nimekosea wapi? Je, ninunue lenzi inayofunguka zaidi?"

Ndugu yangu, umefanya vyema kuambatanisha picha yenyewe, maana bila kuiona ningekujibu kwa nadharia tupu. Nimeitazama ikiwa imejaa kioo kizima, kisha nikaitazama ikiwa ndogo kama stempu. Fokasi yako haina dosari. Kope za jicho lake la karibu zinahesabika. Kwa hiyo lenzi usinunue. Ukifungua hadi f/1.2 (namba ikipungua, tundu la lenzi linapanuka) utapata ndoo ileile, nyekundu vilevile, imevimba kidogo tu.

Kilichokuponza ni imani ambayo wengi wetu tunaanza nayo, kwamba kitu kikishapata ukungu kimeondoka kwenye picha. Hakijaondoka. Ukungu wa lenzi unafuta maelezo: mpini, mikwaruzo, maandishi, ncha za vitu. Haufuti mwanga, wala haufuti rangi.

Fikiria kinachotokea ndani ya kamera. Kitu kikiwa nje ya fokasi, kila nukta yake hutua kwenye sensa, lile bapa linalopokea mwanga, kama duara dogo badala ya kutua kama nukta, na maduara hayo hulaliana. Pale ukingoni mwa ndoo, maduara mekundu yanalaliana na ya kahawia ya ukutani, ndiyo maana ukingo umelainika. Lakini katikati ya ndoo, duara jekundu linalalia duara jekundu, na jumla yake ni wekundu uleule. Tena ukungu umeifanyia ndoo hisani: umeiondolea mpini, kivuli na doa la saruji, vitu vidogo ambavyo vingeipunguzia nguvu, ukaacha baka moja safi jekundu kwenye chumba ambacho kila kitu kingine ni kahawia na kijivu. Kama chumbani kungekuwa na ndoo kumi nyekundu, hii isingemshughulisha mtu. Nguvu yake ni upweke wake.

Sasa tuingie kwenye jicho la mtazamaji, kwa sababu hapo ndipo penye jibu lenyewe. Hatuoni picha nzima kwa ukali mara moja. Sehemu ya retina inayoona kwa ukali kamili inashika kama nyuzi 2 tu za mtazamo, ambazo ni sawasawa na upana wa kidole gumba ukiunyoosha mkono mbele yako. Nje ya hapo, macho yanakadiria. Ndiyo maana jicho halitulii: linaruka mara 3 au 4 kwa sekunde, likitua hapa na pale. Na kabla ya kila mruko ni lazima liamue liende wapi, likitegemea uoni wa pembeni. Uoni huo hauhesabu kope wala nyuzi za kitambaa. Unaona mabaka: penye mwanga mkali karibu na giza, penye rangi iliyojitenga, penye umbo linalofanana na uso wa mtu.

Kwa maneno mengine, kwa uoni wa pembeni picha yako yote ina ukungu tayari. Ukali ulioufanyia kazi kwa makini pale kwenye kope hauonekani vizuri mpaka jicho liwe limeshafika. Ndiyo sababu huwaambia wanafunzi wangu kwamba mwanga, rangi na maumbo ndivyo vinavyoliita jicho, na ukali ndio unaolifanya likae. Wewe umeandaa mahali pazuri mno pa jicho kukaa, lakini hukuliita.

Jaribu jambo hili sasa hivi. Weka picha yako kwenye kioo, rudi nyuma hatua tatu, kisha funga macho nusu mpaka maelezo yote yapotee. Kinachobaki ndicho mtazamaji anachokutana nacho kwanza. Katika picha yako vinabaki vitu viwili: mstari mweupe wa dirisha upande wa kushoto na baka jekundu upande wa kulia. Uso wa mama umezama kati ya hivyo viwili, kwa sababu mwanga uliomwangukia unalingana karibu kabisa na ukuta ulio nyuma yake. Mimi huigeuza picha juu chini pia. Ikiwa juu chini, akili inaacha kusema "huyu ni mama, hii ni cherehani" na inaanza kuona uzito wa mabaka tu.

Labda utauliza: dirisha linang'aa kuliko ndoo, mbona hakuna anayeuliza habari za dirisha? Kwa sababu dirisha linajieleza. Mwanga unatoka pale, mtu anashona karibu nalo, jicho linaelewa na kusonga mbele. Ndoo haina kazi ndani ya hadithi hii, na kitu chenye nguvu kisicho na kazi huzua swali. Watazamaji wako hawajakosa adabu kuuliza. Wamekueleza kwa usahihi kabisa ni wapi macho yao yalikwama.

Kuna jambo lingine kuhusu maswali ya watazamaji ambalo linafaa kujulikana. Alfred Yarbus, mwanasayansi wa Kisovieti aliyepima miondoko ya macho katikati ya karne ya 20, aliwaonyesha watu mchoro wa Ilya Repin wa mtu anayeingia nyumbani bila kutarajiwa na jamaa zake. Walipoulizwa umri wa watu waliomo, macho yalikwenda kwenye nyuso. Walipoulizwa hali ya mali ya familia ile, macho yalihamia kwenye nguo na samani. Mchoro ulikuwa uleule. Kwa hiyo maneno unayoyaandika chini ya picha nayo yanaongoza jicho. Ukiandika kuhusu mikono ya mshonaji, watu watatafuta mikono. Lakini hapa pana tatizo, kwa sababu mikono katika picha yako haionekani.

Hili ndilo ninaloliona kuwa kosa kubwa zaidi katika picha hii, kubwa kuliko ndoo, na hukuliuliza. Ulisimama mbele yake, cherehani ikiwa kati yenu. Mikono yake ilikuwa karibu na wewe kuliko uso, kwa makadirio yangu sentimita 35 hivi. Lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya sensa kubwa, yaani milimita 36 kwa 24, ikifunguliwa hadi f/1.8 na mhusika akiwa umbali wa mita 1.5, inakupa kina cha fokasi, yaani eneo la mbele na nyuma ambamo vitu hutoka vikali, cha sentimita 10 hivi. Uso umepata ukali, mikono imeukosa. Mtu anashona, halafu mahali pa kushonea pamefutwa! Jicho likifika usoni, linaona mama ameinamia kitu. Linafuata pale anapotazama, maana binadamu hatuwezi kuuona mtazamo wa mwenzetu tukaacha kuufuata. Linakuta uji mtupu. Basi linaondoka, na jirani aliye tayari kulipokea ni ndoo.

Hapo utaona kwamba fokasi na mpangilio si masomo mawili. Fokasi ya lenzi ya kawaida ni kama kioo bapa kisichoonekana, kimesimama sambamba na sensa. Chochote kinachogusa kioo hicho ni kikali, hata kama viko viwili vilivyo mbali kwa mbali kushoto na kulia. Kwa hiyo mahali unaposimama ndipo panapoamua ni vitu gani vitashiriki ukali. Ukimpiga mshonaji kutoka ubavuni, uso na sindano vinaweza kuwa umbali uleule kutoka kwako, na hata f/1.8 itavitosha vyote viwili. Ukimpiga kutoka mbele, lazima ufunge tundu la lenzi au uchague kimoja. Ukifunga hadi f/5.6 kwa umbali uleule, kina kinafika kama sentimita 30. Gharama yake ni mwanga: kati ya f/1.8 na f/5.6 unapoteza mwanga karibu mara 10, kwa hiyo kama ulikuwa ISO 200 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga) utahitaji kama 2000 ili kasi ya shata ibaki ileile. Kwa maoni yangu ni gharama ya halali. Chembechembe kidogo zinazoletwa na ISO kubwa hazijawahi kumzuia mtu asielewe picha. Mikono iliyopotea humzuia.

Nikiwa bado hapo, niseme neno kuhusu tabia ya kufunga fokasi kwenye jicho halafu kuzungusha kamera ili kupanga fremu. Nilifanya hivyo kwa miaka, na nilikuwa nalaumu lenzi yangu kila nilipokuta jicho laini na sikio kali. Hesabu yake ni rahisi. Ukifunga fokasi kwa mita 1.5 kisha ukageuza kamera nyuzi 10, kile kioo bapa kinageuka pamoja na kamera, na pale lilipo jicho kinapita sentimita 2 na kidogo nyuma yake. Kwa lenzi ya milimita 85 iliyofunguliwa f/1.8 kwa umbali huo, kina chote cha fokasi ni sentimita 3 na kidogo, yaani kama 1.5 kila upande. Jicho limeshatoka nje. Panga fremu kwanza, kisha usogeze nukta ya fokasi hadi kwenye jicho.

Nguvu ya kuondoa vitu naiona vizuri zaidi katika picha maarufu aliyoipiga Dorothea Lange mwaka 1936 huko Nipomo, California, ya mama mhamiaji akiwa na watoto wake. Watoto wawili wamemwegemea mabegani, mmoja kila upande, na wote wamegeuza nyuso zao nyuma. Mtoto mchanga yuko mapajani, amefunikwa kivulini. Katika picha yenye watu wanne, uso unaosomeka ni mmoja tu. Mkono wa mama unapanda kutoka chini hadi shavuni kama nguzo, na jicho likiukuta mkono ule linajua linakopelekwa. Kama mtoto mmoja angetazama kamera, picha ingevunjika vipande viwili, kwa sababu uso unaokutazama hauna mpinzani. Na bado Lange hakuridhika. Kwenye kona ya chini kulia kulikuwa na kidole gumba kilichoshika nguzo ya hema, na baadaye alikifanya kifutwe kwenye negativu. Kufuta kitu kwenye picha ya kumbukumbu ya kweli ni jambo ambalo leo vyumba vingi vya habari havilikubali, na mimi nakubaliana navyo. Ninachotaka ukione ni kwamba jicho la mpiga picha kama yule lilisumbuliwa na kidole kimoja pembeni, wakati mimi na wewe tunaacha ndoo nzima.

Usije ukadhani kwamba mhusika lazima awe mkali. Mwaka huohuo wa 1932 ambao wapiga picha wa California, akiwemo Ansel Adams na Edward Weston, waliunda kundi la f/64 kwa kupenda picha iliyo kali kutoka mbele hadi nyuma, Henri Cartier-Bresson alikuwa Hyères, Ufaransa, akipiga picha ya ngazi zinazojizungusha kuelekea barabarani. Ngazi ni kali, reli yake ya kushikia ni kali, mawe ya barabara yanaonekana. Mwendesha baiskeli anayepita pale chini ameburuzika kwa mwendo, hana hata sura. Lakini jicho halimkosi, kwa sababu mizunguko yote ya ngazi na reli inamwachia nafasi wazi, naye ndiye kitu pekee ndani ya picha kisicho na mistari migumu. Pale ulaini ndio uliojitenga katikati ya ukali, kama wekundu wa ndoo yako ulivyojitenga katikati ya kahawia.

Mistari yenyewe inasifiwa kupita kiasi. Vitabu husema jicho linateleza juu ya mstari mpaka mwisho. Jicho halitelezi, linaruka, kama nilivyosema. Faida ya mstari ni kwamba unajenga matarajio: mistari miwili inayokutana inaahidi kwamba pale inapokutana pana kitu. Weka kitu pale, au usipige picha ya mistari. Kuhusu theluthi nitasema machache. Mchoraji wa Uingereza John Thomas Smith, aliyeliandikia jambo hilo mwaka 1797, alikuwa akizungumzia mgawanyo wa ardhi, maji na anga katika mchoro wa mandhari, kiasi gani cha hiki kwa kiasi gani cha kile. Ni ushauri mzuri wa uwiano. Hakuna nukta ya ajabu kwenye fremu inayovuta jicho yenyewe, na uso uliozama hauokolewi kwa kusogezwa kulia.

Kingo za fremu ndizo zinazostahili muda wako. Kabla ya kubonyeza, zungusha macho pembeni mwa kitafutio, pale unapochungulia kwenye kamera, kona kwa kona. Kitu chenye mwanga kikikatwa na ukingo kinamtoa mtazamaji nje, na ule mstari wa dirisha lako umekatwa hivyohivyo. Zoezi hili linachukua sekunde mbili, na ndilo lililobadilisha picha zangu kuliko kifaa chochote.

Kwa wanaotumia simu, mambo ni yaleyale kasoro moja. Lenzi ya simu huandikwa f/1.8 pia, lakini urefu wake halisi wa fokasi ni milimita chache tu, hivyo karibu kila kitu hutoka kikali. Ukungu wa hali ya picha za watu unatengenezwa na programu. Nao vilevile hulainisha ndoo bila kuipunguzia wekundu, na mara nyingi hula nywele na ncha za miwani.

Turudi chumbani kwa yule mama. Nikisimama pale uliposimama wewe, dirisha likiwa kushoto na ndoo nyuma kulia, ningesogea kushoto, upande wa dirisha, kama nusu mita, huku nikimgeukia yeye. Ndoo ingehama hadi nyuma ya mwili wake na kutoweka. Dirisha lingetoka nje ya fremu upande wa kushoto, lakini mwanga wake ungebaki unamwangukia shavuni kutoka ubavuni. Kisha ningeangalia ukuta ulio nyuma ya kichwa chake: je, ni mweusi kuliko uso? Kama sivyo, ningeinama au kuinuka mpaka uso utue mbele ya kivuli. Ningefunga hadi f/5.6, ningeweka fokasi kati ya uso na mikono, karibu zaidi na uso, kisha ningesubiri mkono uusogelee mguu wa cherehani, pale kitambaa kinapobanwa. Na kama mama ni mwenyeji mwema na picha si ya habari, ningemwomba tu ruhusa ya kuisogeza ndoo.

Naweza pia kupiga kutoka dirishani kabisa, mgongo wangu ukielekea mwanga, nimwone ubavu. Uso na sindano vingekuwa sawa kwa umbali na ndoo isingeingia kabisa. Lakini mwanga unaotoka mgongoni mwa mpiga picha hulalisha uso, mikunjo ya kitambaa hupotea, na kwa mtu anayeshona ningesikitika kuipoteza mikunjo.

Picha uliyonayo usiifute. Ifungue kwenye programu yako ya kuhariri, chagua ndoo peke yake, ishushe wekundu kwa nusu na uipunguze mwanga mpaka ilingane na ukuta. Kata upande wa kushoto hadi mstari wa dirisha uishe. Kisha uongeze mwanga kidogo usoni, kidogo tu, kiasi cha kuutenganisha na ukuta. Mikono haitarudi, hiyo haina dawa. Ukimaliza, mwonyeshe mtu ambaye hajawahi kuiona, usimwambie chochote, na usikilize anaanza kuuliza nini.